Gari limetoka kubadilishiwa ebagi kwa wakala, limerudi honi hailii, taa inawaka, redio imejifunga

Mkunazi:

Wakuu salaam.

Mnivumilie, uzi ni mrefu. Nina hasira na nataka nieleze yote kwa mpangilio kabla sijarudi kule.

Nina kigari cha Kijapani cha 2008, kilikuja kwa meli kama vingi vyetu, nimekaa nacho mwaka wa saba. Hakijawahi kunisumbua zaidi ya bushi. Juzijuzi shemeji akanitumia habari za rikoli ya ebagi za Takata, yaani magari kuitwa yarudi yabadilishiwe puto za usalama zenye kasoro. Nikaingia tovuti ya Kijapani ya waliolitengeneza, nikaweka namba ya chasisi, nikatafsiri kwa simu. Limo. Ebagi ya dereva, haijabadilishwa.

Nikapiga simu kwa wakala mmoja hapa Dar. Simtaji, na aina ya gari siitaji, nisije nikafungiwa uzi. Wakasema lete, ni bure, kazi ya masaa mawili. Alhamisi asubuhi nimepeleka, nikapewa chai, nikakaa chini ya kiyoyozi kama waziri. Saa sita na nusu wakaniita, nikasaini, nikapewa funguo.

Nawasha gari, saa ya dashibodi inasoma 1:00. Sawa. Kioo cha dereva, ambacho ukigusa mara moja kinapanda chenyewe, sasa mpaka ushikilie. Redio ndiyo balaa: skrini nyeusi, Kijapani kitupu, inadai kitu. Nikarudi ndani kwa dada wa mapokezi, akamwita fundi, fundi akachungulia akacheka: "Hizi redio za Kijapani bosi, betri ikitolewa zinajifunga. Hapo sisi hatuhusiki." Sikutaka ugomvi. Nimeendesha mpaka Kimara nasikiliza tairi.

Njiani nikagundua jingine. Ili gari liende mbele moja kwa moja, usukani lazima ulale kushoto kidogo. Nembo ya katikati imeinama kama kofia ya mlevi.

Jumamosi nimekwenda Kariakoo. Kijana wa kuelekeza kanipatia kijisehemu cha kuegesha mtaa wa Narung'ombe, anapiga bodi, "kata yote, kata yote, njoo." Nikakata usukani mpaka mwisho. Ndani ya usukani pakalia krrk, kama mtu anachana pakiti ya njugu. Hapo hapo ile taa nyekundu ya mtu mwenye puto kifuani ikawaka, na haijazima mpaka leo. Wakati wa kutoka bodaboda kanikatia mbele pale Msimbazi, nabonyeza honi, kimya. Plastiki tu inagonga, tk, tk. Ikabidi nitoe kichwa nje nipige kelele kama konda.

Jumatatu nikawapelekea. Wamechomeka mashine, dakika kumi, jibu likatoka: "Spairo kebo imekufa. Ni uchakavu wa kawaida, gari la 2008 hili. Haihusiani na kazi yetu. Mpya laki nne na themanini, ufundi elfu sitini." Nikamwambia mbona Alhamisi nimempigia honi mlinzi wenu anifungulie geti? Akanijibu, "Mzee, lakini ile kazi tumekufanyia bure."

Hilo jibu ndilo limenikaa kooni. Bure ya nani? Sikwenda kuomba msaada pale, mwenye kasoro ndiye aliyeniita.

Sasa nauliza wenye ujuzi: spairo kebo kufa siku mbili baada ya usukani kuguswa ni bahati mbaya? Nilipe? Maana fundi wa mtaani kwetu ameniambia kwa elfu 30 ile taa anaizima.

Kidagaa Nazi:

Natandika mkeka hapa, nasubiri mafundi waje.

Babu wa Chanika:

Mkuu pole, ila tuwe wakweli. Gari la 2008, barabara zetu hizi, mashimo haya, kitu kikifa unashangaa? Mimi honi yangu ilikufa nimelala, gari limeegeshwa. Ningemlaumu nani, paka?

BintiPangani:

Samahani kaka, kabla hamjafika mbali, hiyo Takata ndiyo nini? Mume wangu anaendesha la 2007 na huwa tunapakia watoto.

Mswahili Tampa:

Dada, Takata ilikuwa kampuni ya Kijapani, ikiuza ebagi na mikanda kwa makampuni mengi makubwa ya magari. Ndani ya ebagi kuna kopo la chuma, ndani ya kopo kuna vidonge vya baruti. Ukigonga vinawaka, gesi inajaza mfuko. Wao walitumia amoniamu naitreti, kitu cha bei rahisi. Ni mbolea, na migodini huchanganywa na dizeli kupasulia miamba. Ubaya wake inanyonya unyevu. Wewe wa Pangani unajua chumvi inavyoloa kwenye kopo wakati wa masika. Vidonge navyo ni hivyo hivyo: joto la mchana, baridi ya usiku, unyevu, mwaka baada ya mwaka vinalegea. Siku vikiwashwa vinawaka kwa mkupuo, kopo linapasuka, vipande vya chuma vinakuja usoni kwa dereva.

Mei 2009 kule Oklahoma msichana wa miaka 18 aligonga gari jingine kwenye maegesho ya shule, mwendo mdogo tu, ajali ya kurekebisha bampa. Akafa kwa kipande cha chuma shingoni. Takata yenyewe ilifilisika Juni 2017. Hapa Marekani pekee makopo yaliyoitwa kubadilishwa ni takriban milioni 67.

Florida tuliwekwa kwenye ukanda A, wa kuanza kuhudumiwa, kwa ajili ya joto na unyevu. Sasa piga picha Tanga, Dar, Unguja. Mume wako apeleke namba ya chasisi leo, asisubiri mwisho wa mwezi. Na kama gari liliwahi kubadilishiwa huko nyuma, aangalie tena. Mwanzoni mbadala hazikutosha, magari mengi yalifungiwa makopo mapya ya aina ile ile isiyo na kinyonya unyevu, kisha yakaitwa mara ya pili.

BintiPangani:

Yesu wangu. Nimemwamsha.

Fundi Waya:

Mkunazi, nimesoma uzi wako mara mbili. Nafanya umeme wa magari mwaka wa kumi na sita, nakuja na habari njema na mbaya.

Kwanza yasiyo na kosa. Saa kusoma 1:00 na kioo kupoteza kumbukumbu ni kwa sababu betri ilitolewa, na lazima itolewe. Ukigusa ebagi unatoa hasi ya betri, unakaa angalau sekunde 90 ili umeme uliobaki kwenye kompyuta ya ebagi uishe. Fundi asiyefanya hivyo mkimbie. Kioo kirudishe mwenyewe: kishushe chote, kipandishe chote, kikifika juu endelea kushikilia kama sekunde tano. Magari mengi yanakubali. Kama sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, itakuwa inapanda na kushuka siku moja mbili, usishtuke.

Redio nayo kweli inajifunga, ni kinga ya wizi ya kule kwao. Inadai kodi, yaani namba ya siri ya kuifungua, au kadi ya ramani iliyokuja nayo. Ila fundi mwenye adabu anakuuliza kabla: "Bosi, redio yako ina kodi?" Sekunde tatu.

Sasa kwenye usukani. Spairo kebo ni ukanda mwembamba wa waya uliokunjwa kama springi ya saa ya ukutani, umekaa nyuma ya usukani. Kazi yake ni kupitisha umeme wa ebagi, honi na vibonyezo huku usukani unazunguka. Una urefu wa mizunguko michache tu kila upande. Ukitaka kuufunga lazima uuweke katikati: unauzungusha taratibu mpaka ugote, kisha unaurudisha kama mizunguko miwili na nusu mpaka alama zikutane. Ukiukosea, gari litatembea vizuri tu barabarani, kwa sababu barabarani hukati usukani sana. Siku utakapokata mpaka mwisho, upande mmoja ukanda unakwisha kabla usukani haujafika. Krrk. Taa inawaka, honi inakufa, kwa pamoja. Umeyaeleza yote hayo bila kujua.

Cha kunishangaza ni hiki: kubadilisha ebagi ya dereva hakuhitaji kung'oa usukani. Unalegeza skrubu za pembeni au vishikio, ebagi inatoka, unachomoa plagi zake na waya wa honi, unafunga mpya. Lakini usukani wako umelala kushoto. Usukani hauinami wenyewe kati ya Alhamisi asubuhi na Alhamisi mchana. Mtu aliung'oa, akaurudisha jino moja pembeni.

Usilipe. Waambie wafungue mbele yako, na uuone huo ukanda. Uliochoka kwa umri huwa na vinyufa pale unapojikunja. Uliovutwa unang'oka kwenye maungio, au unakuta umejipindua kinyume.

Ile kazi ya elfu 30 naijua, nimeshaifumua kwenye magari ya watu. Anachukua waya wa taa ya ebagi anauunga na taa ya oili. Ukifungua swichi zinawaka zote, ukipiga stata zinazima zote, unadhani gari ni zima. Ebagi haifanyi kazi. Unamuuzia mwenzako gari na yeye hajui.

Babu wa Chanika:

Fundi nimekuelewa, lakini hata asipokuwa na ebagi si ndiyo nafuu? Ya kwanza ilikuwa bomu. Baba zetu wameendesha Land Rover 109 Songea hadi Dar bila puto lolote.

Fundi Waya:

Babu, bomu limeshatolewa. Aliyofungiwa ni mpya na nzima, imekosa waya tu. Mwenzako yuko hatua moja kutoka salama, wewe unamrudisha kwenye 109.

Mvita:

Hapa Mombasa nasoma tu nikicheka kwa uchungu. Gari langu nalo ni la Japani, nililipeleka kwa kazi ya namna hiyo hiyo, ya upande wa abiria. Hiyo hufunguliwa sanduku la dashibodi lote. Limerudi linalia kama kitanda cha chuma. Nikipita Nyali mambo shwari, nikiingia Kisauni ni ngoma. Nikarudi mara mbili naambiwa ni barabara. Mara ya tatu nikampakia yule jamaa wa sevisi kitini kwa abiria, tukazunguka naye dakika ishirini bila kuongea. Mwisho akatia mkono chini ya dashibodi mwenyewe, akatoka na klipu mbili zimevunjika. Ndugu yangu Mkunazi, usibishane nao ofisini. Mkalishe mtu ndani ya gari.

Mwana wa Kibaha:

Mkunazi, siku ya kwanza mapokezi walikujazia ile karatasi ya kupokelea gari? Yenye visanduku: spea tairi, jeki, redio, taa, mikwaruzo? Mimi nimewahi kukaa dirisha lile. Nakala ya pinki ni ya mteja. Watu wanaitupa kwenye droo ya gari na hawaisomi. Kaitafute.

Mkunazi:

Wakuu. Nimetoka nje na tochi. Ilikuwa chini ya kitabu cha bima, imelowa soda.

Jeki: ipo. Spea: ipo. Redio: nzima. Honi: nzima. Taa za dashibodi: hakuna inayowaka. Sahihi yangu, na sahihi yao.

Kidagaa Nazi:

😂😂😂 Mkeka wangu nimeongeza na mto.

Mwana wa Kibaha:

Piga picha pande zote mbili kabla hujaenda. Nakala usiiachie hata wakisema wanaenda kutoa kopi. Mwombe meneja wa sevisi mwenyewe, usianze na yule wa kwanza, huyo ameshasema neno lake na hatalirudisha mbele za watu. Ukikwama, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo mlango wa mlaji. Sheria ya Ushindani ya 2003 inagusa usalama wa bidhaa na kulinda watumiaji. Barua fupi, tarehe, nakala ya hiyo karatasi, basi. Mara nyingi ukiitaja tu hiyo barua kwa upole, ofisi inachangamka.

Asha wa Mikocheni:

Naomba niwatetee mafundi kidogo, kaka yangu ni mmoja wao (si huko kwa Mkunazi). Kazi za rikoli wanalipwa na kiwanda kwa muda uliopangwa, mfupi. Gari limekaa kwenye chumvi ya bahari miaka kumi, skrubu zimeshika kutu, halafu unaambiwa dakika arobaini. Makosa yanatokea hapo. Kukosea kunaeleweka, kukana ndiko kunakoudhi.

Fundi Waya:

Dada Asha umenena. Mimi mwenyewe nimeshapasua spairo kebo ya mteja, mwaka wa kwanza kazini. Nilikatwa mshahara miezi miwili na sijarudia.

Mkunazi:

MREJESHO.

Nimekwenda leo. Nimefuata ya Mvita na ya Mwana wa Kibaha kwa pamoja. Nikamwomba meneja wa sevisi tukae kwenye gari. Mtu mzima, mpole, shati limepigwa pasi. Nikamwambia, mzee, tafadhali piga honi. Akabonyeza. Tk. Akabonyeza tena kwa kiganja. Tk. Nikampa nakala ya pinki. Akaisoma kimya, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Akauliza, "Nani alikuandikia kuwa ni uchakavu?" Nikamwambia hakuniandikia, aliniambia kwa mdomo. Akashuka.

Wamefungua nikiwa nimesimama pembeni. Betri imetolewa, tumesubiri, ebagi ikatoka, usukani ukang'olewa. Na hapo Fundi Waya ninakuvulia kofia: ukanda umeng'oka kwenye maungio na sehemu moja umejikunja kinyume kama ulimi wa kinyonga. Alama hazikuwa zimekutana hata kwa mbali. Meneja hakusema kitu, alimtazama tu kijana mmoja aliyesimama mlangoni.

Kijana ndiye aliyekuja kuniambia ukweli nje, wakati nakunywa maji. Siku ile skrubu moja ilimponyoka ikaingia ndani ya kava la stelingi. Wakang'oa usukani kuitafuta. Katika kutafuta kava likazunguka, na wakati huo mimi ninaulizwa mapokezi kama gari langu limekwisha. Yuko mafunzoni, ana miezi minne. Akaniomba nisimtaje. Jina lake hata sikumuuliza.

Spairo kebo mpya wamefunga, sijatoa hata mia. Wamenichapia na karatasi yenye kazi iliyofanyika. Taa imezima, nimekata usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho mara tatu pale pale uwanjani, watu wananitazama kama kichaa. Honi inalia. Usukani umenyooka.

Redio wamekataa. Nikamwonyesha kisanduku, "Redio: nzima." Meneja akaniambia, kwa upole ule ule, "Ni nzima mzee. Imejifunga tu." Hapo nikakosa la kusema. Nimelipa kijana wa Kariakoo elfu 40 akaifungua, na kanipa kodi kwenye kikaratasi. Nimekibandika ndani ya kava la kitabu cha bima.

Babu wa Chanika:

Nimesoma. Nafuta ile ya paka.

BintiPangani:

Na la mume wangu limo kwenye orodha, pande zote mbili. Tumepangiwa wiki ijayo. Nimechukua video: napiga honi, nawasha redio, nazungusha usukani, taa zote, mpaka wipa. Mume wangu anauliza kama natafuta kuwa shahidi wa polisi.

Mvita:

Dada, ongeza na mlio wa dashibodi, urekodi kimya chake.

Tairi Kipara:

Wakuu nimechelewa, lakini uzi huu umenitoa jasho. Mwaka jana nilinunua usukani wa mtumba Ilala, mzuri, wa ngozi, umekuja na ebagi yake ndani. Umetoka kwenye gari lililochinjwa. Namba yangu ya chasisi nimeiangalia, gari langu halina rikoli. Kwa hiyo niko salama?

Fundi Waya:

Haupo. Namba ya chasisi inajua ebagi iliyozaliwa na gari lako, haijui uliyonunua Ilala. Hiyo iliyomo sasa ina namba ya gari jingine, na hilo huenda lilikuwa kwenye orodha na likachinjwa kabla halijafika kwa wakala. Kutazama lebo ya nyuma mpaka ebagi itoke, na hiyo si kazi ya bisibisi ya nyumbani. Tena usiipime kwa mita, umeme wa mita unaweza kuiwasha. Njoo gereji na usukani ule wa zamani, kama bado unao.

Tairi Kipara:

Ninao. Mtoto anauchezea uwani, anaendesha basi la kwenda Moshi.

Fundi Waya:

Una ebagi ndani?

Tairi Kipara:

Ngoja.